Usimuulize "bado?" kila jioni: mzazi na safari ndefu ya mtoto kutafuta kazi

Binti yangu alirudi nyumbani Haydom mwaka 2022 akiwa na sanduku moja, godoro la chuo na shahada ya ualimu wa Historia na Kiswahili. Tulichinja mbuzi. Majirani walikuja, mchungaji akaomba, na mimi mbele ya watu nikasema kwa sauti kubwa, "Mwakani huyu yuko kazini."

Huu ni mwaka wa nne. Bado anatafuta.

Naandika haya kwa sababu najua si nyumba yangu peke yake. Tembea kutoka hospitali hadi sokoni, ingia mtaa wowote, utakuta kijana mwenye cheti au stashahada ya uuguzi, ualimu, uhasibu au maendeleo ya jamii, anachunga ng'ombe wa baba yake au anauza vocha. Wazazi tuliouza mazao na mifugo kuwasomesha hatujui tuwaambieje. Wengine tumenyamaza. Wengine, kama mimi nilivyofanya mwaka wa kwanza, tumegeuka polisi: kila jioni swali ni lile lile, "Vipi, bado?"

Swali hilo lilitaka kunipotezea mtoto. Nitaeleza lilivyokuwa, halafu niseme tulichojifunza, maana yapo mambo ambayo familia inaweza kufanya na yakaongeza nafasi ya kijana.

Kipimo chetu ni cha zamani

Mimi nilimaliza chuo cha ualimu mwaka 1991. Sikuandika barua ya kuomba kazi hata moja. Serikali ilinipangia kituo, nikabeba begi nikaenda. Kwa hiyo kichwani mwangu aliyemaliza chuo na hana kazi alikuwa mtu wa aina mbili tu: mvivu, au aliyefeli akaficha.

Mambo yamebadilika. Wahitimu wa ualimu wa mwaka 2015 ndio walioanza kuona kwamba kumaliza chuo na kupangiwa kituo si kitu kimoja tena. Siku hizi kazi nyingi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kijana anaomba kwa mtandao kupitia Ajira Portal, kisha anaitwa kwenye usaili. Hata walimu, mwanzoni mwa mwaka 2025 walikaa kwenye vyumba vya usaili mikoani wakishindana kama watu wa kada nyingine.

Na ushindani ni mkali. Mwaka huo huo wa 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilitangaza nafasi 1,596. Walioomba walikuwa 135,027. Piga hesabu, mzazi mwenzangu: karibu watu 85 wakigombea kiti kimoja. Aliyekosa hapo hawezi kuitwa mvivu kwa sababu hiyo tu. Wengi waliokosa walikuwa na sifa zote.

Nilipoielewa hesabu hiyo, hasira yangu kwa binti ilipungua nusu. Nusu nyingine ilipungua nilipoona kosa langu mwenyewe.

Mtamba niliomtoa bure

Mwaka wa pili wa kusubiri nilipigiwa simu na mtu aliyesema anafahamiana na "wakubwa." Alijua jina la binti yangu, alijua hata amesoma nini. Alitaka fedha "za kusukuma faili." Niliuza mtamba mmoja mnadani bila kumwambia mke wangu sababu, nikatuma fedha kwa simu. Baada ya wiki mbili namba haikupatikana tena, na haijapatikana hadi leo.

Aibu yangu si kuibiwa tu. Binti alipojua, alisema neno moja: "Baba, ina maana hukuamini kwamba naweza kupata kwa akili yangu."

Kwa hiyo hili nalisema mapema. Kuomba kazi kwenye Ajira Portal ni bure. Anayeomba fedha ili jina litoke ni mwizi, na kama si mwizi basi ni mla rushwa, na wewe unayempa ni mtoa rushwa. Sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia na kupambana na rushwa inawahusu wote wawili. Ukipata simu ya namna hiyo, piga TAKUKURU namba 113, ni bure. Na usikubali ushauri wa "kurekebisha" cheti. Mwezi wa nne mwaka 2017 uhakiki wa serikali ulitoa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wengine walikuwa wamekaa kazini miaka mingi.

Anzeni na makaratasi, tena yote

Baada ya tukio la mtamba tulikaa mezani, mimi, mama yake na yeye, tukamwaga vyeti vyote. Ndipo tukagundua tatizo ambalo naamini liko kwenye nyumba nyingi za Wairaqw.

Majina yetu yana herufi ambazo si kila mwandishi anazizoea. Qwaray anaweza kuandikwa Kwaray, Tluway akawa Tluwai. Kwenye cheti cha kuzaliwa binti yangu alikuwa na tahajia moja, kwenye cheti cha kidato cha nne nyingine. Fomu ya kwanza niliijaza mimi mwenyewe kwa haraka, sikuikagua. Kosa la herufi moja la mwaka ule lilikuja kudai gharama yake mwaka 2024.

Kaeni na kijana wenu mkague haya:

Majina. Yafanane kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, cheti cha chuo na kitambulisho cha Taifa. Yakitofautiana, mwone wakili mapema awaelekeze kuhusu kiapo au hati ya kubadili jina. Jambo hili huchukua muda. Usisubiri tangazo litoke ndipo uanze.

Vyeti vyenyewe. Matangazo ya Sekretarieti husema wazi kwamba hati za matokeo hazikubaliwi mahali pa vyeti. Kama kijana hajachukua cheti chake cha kidato cha sita au cha chuo kwa sababu ya deni au uzembe, hiyo ndiyo kazi ya kwanza.

Nakala. Ziwe zimethibitishwa na mwanasheria au wakili, ziskaniwe vizuri, zihifadhiwe kwenye barua pepe na kwenye simu mbili za nyumbani. Sisi tulikuwa tukiskani upya kila tangazo, kila mara nauli na fedha za steshenari.

Namba ya simu. Isibadilike. Laini ikifungwa kwa kutotumika, taarifa ya usaili inaweza kupotea nayo. Nywila ya akaunti iandikwe kwenye daftari linalokaa ndani, si kichwani tu.

Wadhamini. Matangazo mengi yanataka watu watatu wa kuaminika. Kijana awaombe ruhusa kwanza, na awajulishe kila anapoomba. Mdhamini akipigiwa simu akasema "nani huyo?" ameharibu kila kitu.

Na msiombe siku ya mwisho. Umeme ukikatika au mtandao ukizidiwa siku hiyo, hakuna wa kumlilia.

Daftari la maombi

Jambo lililotusaidia kuliko yote ni daftari la kurasa 96.

Binti alilichora safu: tarehe, kazi, mwajiri, alipofikia, sababu. Alijaza maombi yote aliyokumbuka tangu 2022. Yalikuwa 31. Kabla ya hapo tulikuwa tunasema tu "ameomba sana, amekosa." Tulipoyaona yamepangwa, tukaona kwamba hakukosa kwa namna moja.

Mengi ya mwanzo hakuitwa kabisa. Kijana ambaye haitwi, tatizo liko kwenye karatasi: sifa hazilingani na tangazo, kiambatisho kimekosekana, majina hayafanani, au barua ni ile ile moja inayotumwa kila mahali. Yeye alikuwa na barua moja anayobadilisha anwani tu. Sasa anasoma sehemu ya majukumu kwenye tangazo, na kila barua inaonyesha wapi amewahi kufanya kazi inayofanana na ile.

Baada ya kurekebisha makaratasi aliitwa kwenye usaili wa walimu wa 2025, akaanguka kwenye mchujo wa kuandika. Anayeanguka hapo tatizo lake si karatasi tena, ni maandalizi. Miaka mitatu nje ya darasa inasahaulisha. Alianza kusoma tena, saa moja na nusu kila asubuhi: masomo yake, mbinu za kufundisha, miongozo ya kazi. Alitafuta wenzake wawili hapa mjini, wakawa wanaulizana maswali kwa saa.

Usaili uliofuata, wa kazi nyingine ya serikali iliyokubali shahada yake, alipita mchujo akaanguka kwenye mahojiano. Anayeanguka kwenye mahojiano anajua kazi, ila hajazoea kuisema. Hapo ndipo mzazi unaweza kusaidia hata kama hukusoma. Tulimweka kiti mbele yetu sebuleni, mama yake akawa mwenyekiti wa jopo. "Tueleze, wewe ni nani na umefanya nini?" Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili alilia, mara ya tano alijibu akitutazama machoni.

Mwone kijana wako yuko hatua gani. Kuambiwa "ongeza bidii" hakumsaidii asiyejua bidii aielekeze wapi. Kuanguka hatua ya mbele zaidi kuliko mwaka jana ni maendeleo, hata kama mshahara haujaja. Wapo pia wanaofaulu usaili wote ila nafasi zinakuwa zimejaa; Sekretarieti huwaweka kwenye kanzidata, na nafasi ikipatikana huweza kupangiwa kazi. Kwa hiyo usaili uliofanywa vizuri haupotei bure.

Watu wa mbali wana habari mpya

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti kuhusu watu waliopata kazi kupitia wanaofahamiana nao. Alitaka kujua: aliyekupa habari ya kazi, mlikuwa mnaonana mara ngapi? Karibu 17 tu kati ya kila 100 walisema walionana naye mara kwa mara. Zaidi ya 80 walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara moja moja au kwa nadra.

Sababu yake ni rahisi. Mtu wa karibu anajua yale unayoyajua wewe. Mtu wa mbali anatoka kwenye habari nyingine.

Kwa Haydom hilo lina maana kubwa. Mji wetu ni mdogo lakini unapitiwa na wengi. Hospitali ya Kilutheri iliyoanza mwaka 1955 huleta wagonjwa, wanafunzi na wataalamu kutoka Mbulu, Hanang, Singida na mbali zaidi. Mnadani wanakutana wafanyabiashara wa kila upande. Kuna kwaya, vikoba, mahafali, misiba. Kijana aliyejifungia ndani hakutani na hata mmoja wa hao.

Sasa, namna ya kuomba. Usiseme "nitafutie mtoto kazi." Utamtisha mtu, naye atakukwepa. Sema: "Binti yangu ni mwalimu wa Kiswahili na Historia, amejitolea mwaka mmoja. Ukisikia shule inahitaji mtu, au tangazo limetoka, naomba unipigie." Hilo mtu yeyote anaweza kulifanya. Nafasi ya mkataba aliyonayo sasa kwenye shule binafsi niliisikia kwa mtu niliyewahi kufundisha naye, ambaye sikuwa nimeonana naye tangu niliposttaafu. Tulikutana msibani Dongobesh.

Kujitolea, ila kwa maandishi

Shule nyingi zina upungufu wa walimu, na kijana anayejitolea hupokelewa. Kujitolea kunamrudisha darasani na kumpa mtu wa kumdhamini. Lakini kuwe na mpaka. Aombe barua ya kupokelewa yenye tarehe, masomo na idadi ya vipindi. Akimaliza, aombe barua ya utumishi. Wakubaliane hata kama ni posho ya sabuni na chakula cha mchana. Na awe na siku moja ya wiki ya kushughulikia maombi yake. Kujitolea miaka mitatu bila karatasi hata moja ni kutumika tu.

Vivyo hivyo kwa kazi ndogo. Binti yangu alilima vitunguu saumu nusu ekari, akafundisha tuisheni jioni. Shangazi yake alisema, "Msomi mzima anashika jembe." Nikamjibu kwamba jembe ndilo lililomsomesha. Fedha ile ilimlipia bando, nauli na nguo ya usaili, na ilimwondolea unyonge wa kuomba kila shilingi kwa baba.

Wapo wanaotaka kuanzisha shughuli yao moja kwa moja. Halmashauri zina mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata wakaulize masharti. Kufanya biashara hakumfungii mtu mlango wa ajira.

Siku iwe na saa zake

Narudi kwenye swali la "bado?"

Kati ya mwaka 1929 na 1930 kiwanda cha nguo cha kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna nchini Austria, kilifungwa. Karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikichunguza kijiji hicho, wakatoa kitabu mwaka 1933. Mtu angedhani wasio na kazi, kwa kuwa wana muda mwingi, wangesoma zaidi. Walisoma pungufu; uazimaji wa vitabu kwenye maktaba ulishuka sana. Wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimama simama bila sababu. Wanawake, waliokuwa bado na kazi za nyumbani, walitembea haraka zaidi. Watafiti walieleza kwamba kazi haimpi mtu mshahara peke yake. Inampa pia saa za siku yake, watu wa kukutana nao na sababu ya kuamka.

Niliposoma hayo nilimkumbuka binti yangu wa mwaka 2023. Alikuwa akiamka saa nne. Aliacha kwaya kwa sababu kila baada ya ibada mtu alimuuliza. Chakula alikula baada ya mimi kuondoka mezani. Nami nikasema ni kiburi. Alikuwa ananikwepa mimi na swali langu.

Mama yake ndiye aliyenisimamisha. Alisema, "Akipata, wewe utakuwa wa kwanza kuambiwa. Kwa nini unauliza?"

Tukakubaliana. Habari za maombi tunazungumza mara moja kwa wiki, Jumapili jioni, na daftari likiwa mezani. Siku nyingine hakuna swali. Asubuhi ni ya kusoma na maombi, mchana ni ya kazi yoyote ile, jioni ni yake. Na tukaanzisha kibubu cha usaili, kwa sababu anayeitwa hujigharamia nauli, chakula na malazi. Kila tukiuza kitu, kidogo kinaingia humo. Akiitwa Babati au Dodoma, hakuna ugomvi wala kukopa usiku.

Mkiona kijana halali, hali, anazungumza kwamba maisha hayana maana, hapo si suala la kazi tena. Mpelekeni hospitali azungumze na mtaalamu, na msimwache peke yake.

Hatujafika

Sitaki kukudanganya kwamba mambo yameisha vizuri. Mkataba wa binti ni wa mwaka mmoja, na mshahara ni mdogo. Daftari limefika maombi 44. Matangazo mengi ya serikali huweka kikomo cha umri wa miaka 45. Yeye ana 27, kwa hiyo muda upo, ingawa yeye hauoni kuwa mwingi.

Jumapili iliyopita alileta daftari mezani. Tangazo jipya lilikuwa limetoka, zilibaki siku tisa. Zamani ningesema, "Haya, tuone kama safari hii utapata." Nilimuuliza, "Unahitaji nini kwetu wiki hii?"

Akasema anahitaji nauli ya kwenda kuthibitisha nakala, na mtu wa kumsikiliza akijieleza. Nauli ilitoka kwenye kibubu. Mama yake akavuta kiti, akakaa kama mwenyekiti, akasema, "Karibu. Tueleze, wewe ni nani?"